Kutoka Kimara Hadi Vingunguti na Futi Kamba

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina chumba kimoja ambacho mwenye nyumba hajakiona tangu siku fundi alipokifunika kwa zege. Hakina dirisha wala mlango, na hakitajwi sebuleni mbele ya wageni. Mpangaji anajua LUKU imebaki uniti ngapi, dumu la maji ni shilingi ngapi na kodi inaisha mwezi gani. Mwulize shimo la choo lina kina gani, au limejaa kiasi gani, atacheka akidhani unamtania. Mwenye nyumba yeye atakutajia jina la fundi aliyelichimba, na fundi huyo mara nyingi ni marehemu.

Wapo watu ambao kazi yao ni kulijibu swali hilo. Niliambatana na kikundi chao kimoja kidogo: kiongozi ni dada wa makamo ambaye wenzake wote humwita Injinia, na chini yake vijana wawili waliokuwa wakinyonya vyoo kabla ya kuhamia kwenye kuvipima. Njia yetu ilianzia Kimara juu mlimani, ikateremka hadi Tandale bondeni, ikaishia Vingunguti kwenye mabwawa ya majitaka. Ndiyo njia ambayo mzigo wenyewe ulipaswa kuipita.

Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam 5,383,728. Mabomba ya majitaka yanawafikia wachache miongoni mwao, hasa katikati ya jiji na maeneo machache ya pembeni yake. Wengine wote wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Maji safi yanapita kwenye mita, umeme unapita kwenye mita, lakini kinachoshuka chini ya sinki la choo hakipiti kwenye mita yoyote. Anayepanga magari mangapi yanunuliwe na mabwawa mangapi yachimbwe hana budi kukisia, isipokuwa mtu aende akafungue vifuniko.

Kimara tulipokelewa na mjumbe. Bila mjumbe, na bila barua ya serikali ya mtaa, hufungui chemba ya mtu. Watu watadhani umetoka kwa bwana afya kuwapiga faini. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu mwenye kanzu safi na maneno machache. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaelekeza kidole nyuma ya nyumba. Karo lake, alisema, lina kina cha futi kumi na mbili, alilipia futi kumi na mbili, na alikuwepo lilipokuwa likichimbwa.

Vijana walivaa ovaroli, gambuti, glovu na barakoa, wakatandika turubai, wakapenyeza nondo kwenye ukingo wa kifuniko. Kikainuka. Nilitaka kusogea nichungulie, Injinia akanishika mkono. Kwanza unaliacha karo lipumue, na hakuna kuwasha sigara karibu. Humo ndani kuna methani inayoweza kushika moto, na kuna gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ina hila mbaya: ikizidi, pua inakufa ganzi, husikii harufu tena, ukadhani hewa imesafika. Watu wamekufia kwenye mashimo kwa kumfuata mwenzao aliyeanguka, na aliyemfuata wa pili naye akaanguka. Kwa hiyo kikundi hiki kina sharti moja lisilo na mjadala: kinachoingia shimoni ni kifaa, hakuna mtu anayeingia.

Kifaa cha kwanza kilinichekesha. Ni fito ndefu iliyoviringishwa taulo kuukuu jeupe kwenye sehemu yake ya chini, likafungwa kwa kamba. Kijana aliishusha wima, polepole, mpaka ikagota. Akaiacha dakika chache, akaizungusha kidogo, akaivuta juu kwa utaratibu ule ule. Taulo lilitoka limeandikika. Chini lilikuwa jeusi tii, chembechembe zimenasa kwenye nyuzi. Juu ya hapo lilikuwa la kijivu, limelowa tu. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa wazi kiasi cha kuweza kuugusa kwa ncha ya kalamu. Jeusi ni tope lililotuama, kijivu ni maji yaliyo juu yake. Kisha ikaja fito ya pili, yenye ncha iliyopinda, ambayo hupitishwa kwenye utando unaoelea na kuvutwa juu taratibu mpaka mkono uhisi umekwama chini ya utando. Utando wa mzee ulikuwa wa sentimita mbili hivi.

Injinia alisoma futi kamba, kijana wa pili akaandika. Kutoka kwenye kifuniko hadi uso wa maji, nusu mita. Hadi fito ilipogota, mita 2.4. Tope jeusi, sentimita 60. Nikapiga hesabu kichwani: ndani ya kina cha mita 1.9, tope na utando ni sentimita 62, bado kidogo kufika theluthi. Kanuni inayotumiwa sana kwa makaro ni kwamba tope na utando vikifika theluthi ya kina, ita gari. Mzee basi alikuwa salama kwa muda.

"Sikiliza," Injinia aliniambia, akamwashiria kijana arudishe fito chini. Fito iligota tena, lakini bila mlio. Ilizama kidogo, ikarudi. Sakafu ya zege haifanyi hivyo. Akashusha nondo nyembamba ya milimita kumi, akaegemea kwa uzito wake wote, nayo ikaanza kupenya, sentimita baada ya sentimita, mpaka ikatoa ko! iliyosikika hadi kwa mzee aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake. Futi kamba ilisoma mita 3.1. Kwa hiyo chini ya lile tope laini kulikuwa na sentimita 70 nyingine za tope lililoganda kwa miaka, gumu kiasi cha kumdanganya mtu kuwa ndiyo sakafu. Jumla ya tope ikawa mita 1.3 katika kina cha mita 2.6. Nusu nzima. Karo ambalo dakika tano kabla lilikuwa na nafuu sasa lilikuwa limepitiliza muda.

Mzee alielewa kabla sijaelezwa mimi. Miaka kadhaa nyuma aliita gari, likaja, likatumbukiza mpira wa kunyonyea, pampu ikanguruma, tangi likajaa, akalipa. "Walichukua maji, wakaniachia mali," alisema. Kuhusu kina, mita 3.1 ni futi kumi na kitu kidogo. Futi mbili zilizobaki ni kati yake na fundi, na fundi yuko makaburini.

Tuliteremka mjini kwa mwendokasi. Injinia aliamua kunifundisha hesabu ndani ya basi lililojaa, akipunguza sauti kila alipofika kwenye neno lenyewe, jambo lililowafanya abiria wa jirani wasikilize zaidi. Uchunguzi uliokusanya vipimo vya nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba mtu wa wastani hutoa kinyesi cha takriban gramu 128 kwa siku na mkojo wa lita 1.4 hivi. Kwa mwaka hiyo ni kama kilo 47 za kinyesi na zaidi ya lita 500 za mkojo. Ukiongeza maji ya kuchambia, mtu mmoja angepaswa kujaza mapipa matatu na zaidi kila mwaka, na hakuna shimo mjini lingevumilia. Lakini maji hunywea ardhini, na vijidudu hula sehemu kubwa ya kilichobaki. Kinachobaki kabisa, kile kinachopandisha uso wa tope mwaka hadi mwaka, ni kidogo sana.

Kidogo kiasi gani? Hapo ndipo vitabu vinaanza kubishana na mashimo. Mwaka 1958 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Wagner na Lanoix kuhusu vyoo vya vijijini, na mwaka 1992 likatoa kingine cha Franceys, Pickford na Reed. Hiki cha pili kina jedwali ambalo wahandisi wamelinakili kizazi baada ya kizazi: shimo lenye maji, watu wakijisafisha kwa kitu kinachooza au kwa maji, lita 40 kwa mtu kwa mwaka, lenye maji lakini wakitumia vitu visivyooza, lita 60, shimo kavu lenye vinavyooza, 60, shimo kavu lenye visivyooza, 90. Makadirio hayo yaliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na vipimo vya mahali pake. Kwa bahati mbaya watu wengi waliyachukua kuwa ndivyo vipimo vyenyewe.

Watu wa pwani huchamba kwa maji, hivyo ukifuata jedwali ungewaweka kwenye 40 na kuendelea na shughuli zako. Lakini choo cha uswahilini ni jalala pia. Pampasi, taulo za kike, chupa, viatu, matambara, mfuko wa plastiki uliofungiwa vitu ambavyo mtu hakutaka gari la taka livione. Shimo la namna hiyo linakimbilia 90. Injinia alinitaka niandike: watu milioni moja wanaotumia mashimo, kwa lita 40 kila mmoja, wanatoa mita za ujazo 40,000 kwa mwaka, ambazo ni safari 8,000 za gari la lita 5,000, yaani safari 22 kila siku. Kwa lita 90 ni safari 18,000, kama 49 kwa siku. Jiji lile lile, watu wale wale. Mhandisi aliyechagua mstari usio wake kwenye jedwali amejenga nusu ya kinachohitajika, au mara mbili yake, na yote mawili yanalipwa kwa fedha za umma. Wakati anasema hayo nilitazama nyuma: mama mmoja mwenye kapu alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana.

Tandale hatukuhitaji turubai kubwa maana hapakuwa na pa kulitandika. Vichochoro vinapitika kwa mmoja mmoja, na ukikutana na mtu mwenye ndoo kichwani, wewe ndiye unayerudi nyuma. Gari la kunyonya haliingii huku. Mpira wenyewe ungelazimika kupita vyumbani mwa watu. Nyumba tuliyoiendea ni ya bibi mmoja, ina vyumba vya kupangisha pande zote za uwanja mdogo, na watu 22 wanatumia choo kimoja. Choo kimeinuliwa juu ya ardhi kwa ngazi nne, kwa sababu maji ya chini yako karibu. Ukichimba sana unapata kisima. Pembeni yake kuna bafu la pasipoti, lile ambalo ukuta wake unakuacha mabega na kichwa vikionekana, na kijana mmoja aliyekuwa akioga alitusalimia kwa heshima zote akiwa amejipaka sabuni usoni.

Kupima shimo la namna hii kupitia tundu la sinki ni kazi ya akili. Karo la Kimara lilikuwa na kuta nne zilizonyooka. Hapa hakuna ajuaye kuta zikoje. Watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi walibuni kifaa kinachoitwa Volaser, ambacho husimamishwa juu ya tundu, kikapima kwa leza umbali wa kuta zote na uso wa tope, pamoja na fimbo ya kugusa chini. Kikundi hiki kimejitengenezea cha kwao kwa mtindo huo: leza ya mafundi ujenzi iliyofungwa kwenye kipande cha bomba, juu ya miguu mitatu ya mbao, na duara la bati lenye alama za nyuzi. Unaizungusha, unasoma, unazungusha tena. Nuktanukta nyekundu zilitembea kwenye ukuta wa matofali, zikapita juu ya bati lililokuwa limezibia pengo, zikarudi zilipoanzia. Injinia alichora umbo kwenye daftari: mviringo wa karibu mita 1.2, uliobonyea upande mmoja.

Leza inaona kilicho juu ya tope tu. Chini yake shimo linaweza kupanuka au kusinyaa, na mtu akikuambia ujazo wote kwa desimali tatu, mwogope. Lakini Injinia hakuja kutafuta ujazo wote. Alikuja kutafuta tofauti. Kikundi kilikuwa kimepima shimo hili miezi sita nyuma, kabla ya masika. Ukijua eneo la shimo pale ambapo uso wa tope unapanda na kushuka, na ukajua umepanda kiasi gani, huna haja ya kujua kilichofichika chini. Mviringo wa mita 1.2 una eneo la mita za mraba 1.13, kila sentimita kumi ni lita 113. Watu 22, hata kwa zile lita 40 za vitabuni, wanapaswa kuongeza lita 440 kwa nusu mwaka, yaani uso upande kwa karibu sentimita 39.

Kijana alishusha fimbo yenye kisahani cha bati chini yake, chenye matundu. Kisahani hicho hupita kwenye maji na kukaa juu ya tope. Hiyo ni muhimu, kwa sababu uso wa maji Tandale hufuata maji ya ardhini, hupanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi, na mtu anayepima maji akidhani anapima tope ataandika hadithi. Futi kamba ikasomwa. Ikasomwa tena. Injinia aliipima mwenyewe mara ya tatu, akafungua daftari la miezi sita iliyopita, kisha akaandika kwenye safu ya mwisho: −0.42.

Tope lilikuwa limeshuka kwa sentimita 42.

Fomu ya maswali ingemwuliza bibi kama choo chake kimewahi kunyonywa mwaka huu, naye angejibu hapana, na angekuwa amesema kweli. Injinia hakuuliza. Alizunguka tu nyuma ya choo, upande wa mtaro, nami nikamfuata. Kwenye ukuta, usawa wa magoti, kulikuwa na bomba la inchi nne limezibwa kwa kitambaa na kipande cha mti. Kitambaa kilikuwa kipya kuliko ukuta.

Kila mtu Dar anajua maana yake. Mvua kubwa ikishika, usiku, kizibo kinatolewa, choo kinatapishwa, na mtaro unabeba hadi mtoni. Asubuhi wote wanaamka na kupita juu ya mawe. Bibi alitukuta tumesimama pale. Nilitegemea atakuja juu, lakini hakukasirika; alijifunga kanga vizuri na kuongea kwa upole wa mtu aliyechoka. "Wanangu, gari haliingii. Vyura wanataka fedha nyingi, na wakichimba wananichimbia shimo hapa hapa uani wafukie. Uani kwenyewe mnauona. Nifanye nini?" Vyura ni wale wanaume wanaoingia shimoni usiku na kuchota kwa ndoo. Hawafi mapema kwa kupenda.

Sina jibu la kumpa bibi, na sikubaliani na wale wanaoanza na kumgombeza. Ndiyo, kipindupindu kilichoanza Dar mwezi Agosti 2015 na baadaye kusambaa nchini hakikutoka mawinguni, na mayai ya minyoo ya askarisi huishi kwenye tope kwa muda mrefu yakingoja kidole cha mtoto. Lakini mji huu umekuwa ukitafuta njia ya kuingia kwenye vichochoro hivi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kati ya 1988 na 1992, hapa hapa Dar, shirika la Kiholanzi la WASTE lilijaribu MAPET, pampu ya gurudumu inayozungushwa kwa mkono pamoja na tangi la lita 200 juu ya mkokoteni. Ilipita palipokuwa hapapitiki, vikundi vikaitumia, ila vipuri na umbali wa kwenda kumwaga vikaishinda. Baadaye, mwaka 2007, ikaja Gulper, pampu ya mkono ya bomba la plastiki iliyobuniwa na Steven Sugden akiwa katika chuo cha afya cha London. Vijana wetu wawili walianzia kwenye Gulper. Mmoja aliniambia pampu ni nzuri hadi utakapokutana na pampasi. Ikinasa, mnaivua vipande vipande huku mteja amesimama anahesabu muda.

Tukiwa bado uani Injinia alimaliza hesabu yake. Sentimita 42 zilizopungua ni lita 475. Ongeza 440 zilizopaswa kuingia. Zaidi ya lita 900 zilitoka kwenye choo kimoja katika nusu mwaka na hazikufika bwawani. Aliandika namba, hakuandika jina la bibi wala la mtaa. Kila nyumba ina namba yake ya siri, na daftari lenye majina halitembei. Hilo ndilo linalofanya watu wafungue vifuniko mara ya pili. Nyumba zikiwa nyingi, namba hasi zikiwekwa kwenye ramani, unaona vichochoro vinavyotapika na vile vinavyonyonywa, na unajua mkokoteni uanzie wapi.

Vingunguti nilikwenda ndani ya gari lenyewe, katikati ya dereva na tandiboi, madirisha yamefunguliwa yote. Lilikuwa limenyonya karo kwenye nyumba ya kulala wageni. Ukishapita machinjio, harufu mbili zinapigana, kisha yanatokea mabwawa: mapana, ya kijani, yametulia juani, maji yakisogea bwawa moja hadi jingine huku jua na vijidudu vikifanya kazi ambayo hakuna mtambo ungeifanya kwa bei hiyo. Mwisho wa safu yao maji huingia Mto Msimbazi. Mabwawa hupenda maji na huchoshwa na tope. Tope likizidi linakaa chini, kina kinapungua, maji yanapita haraka kabla ya kusafishika. Kwa hiyo hapa swali linageuka. Shimoni tulitaka kujua lita; bwawani unataka kujua ndani ya lita hizo mna nini.

Duniani kote, penye mabwawa au mitambo ya namna hii, kinachoandikwa getini kwa kawaida ni ukubwa wa tangi la gari. Gari la 5,000 linaandikwa 5,000, hata likiwa limejaa robo tatu, hata likiwa limebeba maji matupu. Injinia alinifafanulia kwa mfano rahisi: lita 5,000 zenye yabisi asilimia 2 zina kilo 100 za tope kavu, zenye nusu asilimia zina kilo 25. Kwenye kitabu magari hayo mawili ni sawa.

Ili kujua, unachota wakati gari linamwaga. Si mara moja. Tandiboi alifungua vali na majitaka yakatoka kwa kishindo, mwanzoni mazito, yenye mchanga na nywele, kwa sababu kilichotuama tangini wakati wa safari ndicho kinachotoka kwanza. Kijana alikinga kopo lenye mpini mrefu mwanzoni, mara mbili katikati, na mara moja mwishoni. Rangi zilikuwa tatu tofauti: nyeusi, kahawia, na mwishoni maji ya chai. Akachanganya yote kwenye ndoo moja, akakoroga, akajaza koni ya kioo ya lita moja na kuisimamisha kivulini. Tukangoja tope lijitenge. Kilichobaki kilitiwa kwenye chupa na kuwekwa kwenye kisanduku cha barafu kwenda maabara, ambako kitakaushwa kwenye tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena.

Baada ya nusu saa koni ilikuwa imeonyesha. Kwenye ncha kulikuwa na tope jembamba, halifiki hata alama ya 40. Juu yake kote, maji. Gari zima lilikuwa limebeba maji ya juu ya karo. Nikamkumbuka mzee wa Kimara na sentimita zake 70.

Dereva alikuwa ameegemea bonneti akitazama koni ile ile. Hakuona aibu, na sikuona sababu ya yeye kuona. Mteja hulipia tangi, alisema, na tangi limejaa. Kutoa lile gumu la chini inabidi umwage maji, ukoroge kwa nondo, ungoje, uvute, mpira unaziba, unauzibua. Kwa muda huo angepiga safari nyingine. Nani atamlipa safari hiyo?

"Dada," akamwuliza Injinia, "hicho kifimbo chenu mmewaonyesha wateja?"

Injinia akamwambia kwamba kuna mzee Kimara amekwishajikatia chake, amekichora alama kila sentimita kumi, ana nondo pembeni, na anangoja gari lije ili apime kabla na apime baada.

Dereva aliguna. Kimara ni njia yake. Akauliza ni mtaa gani, mjumbe wake nani, nyumba iko mbali gani na barabara. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: madumu ya maji ya kulainishia, dizeli ya pampu kwa saa moja zaidi, kijana wa pili wa kushika nondo.

"Bei itapanda," akasema, "lakini namshusha mpaka kwenye zege. Mwambieni asiite gari jingine kabla sijaonana naye."